Sherehe ya Kumuaga Kasiana

Dada yangu Kasiana hakupenda kupigiwa makofi. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu watu wengi wa Songea wanamkumbuka kwa siku moja tu, siku aliyopigiwa makofi mengi kuliko mwanamke yeyote wa mtaa wetu wa Lizaboni, na mpaka leo wanadhani ile ilikuwa heshima. Mimi ni mdogo wake, tumenyonya ziwa moja. Nasema ilikuwa balaa lililovalishwa tai.

Alizaliwa Maposeni, katikati ya mahindi, akasoma kwa masista hadi darasa la nne. Akaolewa mjini na Dastan, fundi seremala mpole aliyefariki mapema na kumwachia binti mmoja, Hilda, na banda la nguruwe. Kwa banda hilo alimlea Hilda, akanisomesha mimi sekondari, na akatoa zaka bila kukumbushwa. Aliwafuga mwenyewe, akakaanga nyama mwenyewe kwenye karai kubwa kando ya njia, na madereva wa malori ya tumbaku yatokayo Namtumbo walisimama kwake kabla hawajasimama popote. Nyama ilikuwa nzuri, lakini wengi walifuata ulimi wake. Mteja mmoja alipolalamika kwamba nyama ni ngumu, alimjibu, "Huyo nguruwe alikuwa na msimamo. Mtafune polepole."

Alikuwa na rovu. Kwetu Ungoni si jambo la ajabu. Bibi yetu alikuwa nalo, na mama alikuwa nalo dogo. La Kasiana lilikua mwaka hadi mwaka mpaka likawa kama papai lililoning'inia chini ya kidevu. Watoto wakimkodolea macho aliwainamia na kusema, "Tazameni vizuri. Nyinyi mna shingo tu, mimi nina shingo na akiba." Wakacheka, naye akawapa kipande cha nyama.

Mwishoni mwa mwaka 1993 akaanza kukosa pumzi. Kwanza aliacha kubeba karai, kisha akaacha kulala chali. Alilala ameketi, ameegemea mito, na Hilda kando yake, na hewa ilipita kooni mwake kwa mlio kama filimbi iliyopasuka. Tulimpeleka hospitali ya misheni. Daktari alimpima, akatuita na kutueleza kwa maneno mepesi: rovu limeshuka nyuma ya mfupa wa kifua na linaminya njia ya hewa. Kulitoa rovu la shingoni yeye angeweza. Hili la kifuani hangethubutu.

Hapo ndipo niliposikia habari ya mapatano yao na hospitali nyingine ya misheni, ng'ambo ya Ziwa Nyasa, upande wa Malawi. Sisi tulikuwa na daktari wa macho, wao hawakuwa naye. Wao walitembelewa kila mwaka, wakati wa masika, na bingwa wa upasuaji wa shingo na kifua, sisi hatukuwa naye. Basi hospitali hizo mbili, maskini zote mbili, zikakubaliana: nyinyi tuleteeni vipofu wenu, sisi tutawaletea wenye marovu. Hawakukata utepe wala kuita magazeti. Madaktari waliongea kwa redio ya mawasiliano, wakaandikiana barua, wakaanza kazi. Nilimshukuru Mungu kwamba bado kuna watu duniani wanaofanya jambo bila kulitangaza.

"Meli hupita Mbamba Bay mara moja kwa wiki, Ijumaa jioni," daktari alisema. "Ijumaa ya wiki hii lazima awe ndani. Akiikosa, akienda na ile ya wiki inayofuata, atamkuta bingwa amekwisha panda ndege kurudi kwao. Na mama huyu sidhani kama atausubiri mwaka mwingine. Mmenielewa?"

Tulimwelewa, mimi na Hilda. Kasiana alielewa kuliko sote. Wa nne aliyekuwapo ndani ya chumba kile alikuwa Polikarp, ambaye hakuna aliyemwita, na yeye alielewa jambo jingine kabisa.

Polikarp ni mtoto wa baba yetu mkubwa, kwa hiyo ni kaka yetu. Zamani alikuwa mtunza ghala wa ushirika. Biashara huria ilipoingia alifungua duka la redio na magodoro, akanunua suti, akaanza kutembea polepole. Kisha vyama vingi vikaruhusiwa, na mwaka ule kila mwenye suti aligundua kwamba anawapenda wananchi. Polikarp aliutaka udiwani. Alipotoka kwa daktari macho yake yaling'aa kama ya mtu aliyeokota kitu.

"Mlongo wangu," alimwambia Kasiana, kwani kwetu mlongo ni ndugu, na neno hilo hakuwa amelitumia tangu alipovaa suti. "Wewe ni wa kwanza katika ukoo wetu kwenda kutibiwa nje ya nchi. Hatuwezi kukutoa hapa kama gunia la dagaa."

"Dagaa hufika, Polikarp," Kasiana alisema. "Hawana hotuba."

Sasa lazima nieleze desturi yetu, maana ndiyo iliyotumika kututia kitanzi. Kwetu mgonjwa akisafirishwa mbali, wazee wa ukoo hukaa naye alfajiri. Kila mmoja humshika mkono na kumwambia neno lake, ili asiondoke na kinyongo cha mtu wala asimwachie mtu kinyongo. Haichukui muda wa kuchemsha uji. Hakuna mtu wa kwetu atakayethubutu kuondoka bila kuagwa hivyo, na Polikarp alilijua hilo. Aliichukua desturi hiyo, akaipulizia kama puto.

Kesho yake tayari kulikuwa na kamati. Polikarp mwenyekiti, mwalimu Fulgence katibu, na watu wengine ambao hawakuwahi kumletea Kasiana hata kikombe cha maji. Vikaazimwa viti vya plastiki. Kikakodishwa kipaza sauti cha disko. Akatafutwa kijana mwenye kamera ya video, kitu ambacho mjini kwetu wakati ule kilikusanya watu kuliko misa. Tena akaalikwa mgeni rasmi, mheshimiwa mmoja ambaye simtaji jina. Nadhani hata yeye hakumbuki kwamba alikuja.

Alhamisi alfajiri gari la hospitali lilifika, Landrova ya kijani, na dereva wake Otto. Mpango ulikuwa kuondoka mapema, tuvuke milima ya Umatengo mchana barabara ikiwa imekauka kidogo, tulale Mbinga, na Ijumaa tushuke ziwani kwa nafasi. Padre Athanasi alikuja kwa baiskeli. Alimpaka Kasiana mafuta matakatifu, akambariki na msalaba mdogo, akasema, "Basi, mama. Mungu akutangulie. Otto, washa gari."

"Padre," Otto alisema akijikuna shingo, "ufunguo anao mwenyekiti. Aliniomba asogeze gari vijana walipambe."

Tukatazama. Vijana walikuwa wanalibandika gari la wagonjwa maua ya karatasi, mekundu na ya njano, kama gari la bibi harusi. Padre akaenda kumtafuta Polikarp. Alirudi peke yake. "Anasema mheshimiwa yuko njiani," alituambia. Alikuwa na misa ya mazishi kigangoni, hakuweza kubaki. Alipanda baiskeli yake akitikisa kichwa.

Kasiana aliketishwa mbele kwenye kochi lililotandikwa kitambaa cheupe. Alikuwa amejifunga khanga shingoni, kama kawaida yake. Polikarp alikuja na kijana wa kamera, akaifungua khanga ile kwa mikono yake mwenyewe.

"Mjomba, unafanya nini?" Hilda alipiga kelele.

"Wageni waone ukubwa wa tatizo, mwanangu."

"Mwache, Hilda," Kasiana alisema. Ilibidi avute pumzi katikati ya maneno. "Waone. Atakayelipenda nitamwachia."

Jua likapanda. Wazee wa ukoo walikuwa wamekwisha mshika mkono na kumaliza neno lao kabla hata umande haujakauka. Kwa haki ya desturi yetu dada yangu alikuwa ameagwa na yuko huru. Nilimfuata Polikarp nyuma ya jukwaa.

"Kaka, naomba ufunguo."

"Mdogo wangu Cornel, tulia. Mheshimiwa yuko njiani."

"Njiani kutoka wapi?"

"Anamalizia chai."

"Saa nne hii?"

Alinishika bega kama anavyowashika wapiga kura. "Una elimu ya sekondari, mdogo wangu, lakini huna elimu ya watu. Nikimwondoa mgonjwa kabla ya mgeni rasmi, nitauweka wapi uso wangu?"

Nilimwambia pa kuuweka. Nimeungama dhambi hiyo, na padre alinipa malipizi mepesi sana.

Nilijaribu kumpora. Wanakamati watatu walinishika, wakanirudisha kwenye kiti cha plastiki, na kipaza sauti kikatangaza kwamba ndugu wa mgonjwa wamezidiwa na furaha. Watu wakapiga makofi. Kasiana mwenyewe aliinuka mara moja, akatembea mpaka kwenye gari akimwegemea binti yake, akakaa ndani kati ya maua ya karatasi. Akina mama wa kamati walimrudisha kwenye kochi kwa vigelegele. Walidhani anatania.

Mheshimiwa alifika baada ya adhana ya adhuhuri kusikika kutoka msikitini. Ikachezwa ngoma yetu ya lizombe, akacheza naye kidogo, kamera ikamzunguka. Mwalimu Fulgence akasoma risala ndefu iliyoomba barabara, kisima na umeme. Kwa dada yangu ilikuwa na sentensi moja. Kisha mheshimiwa akasimama. Alizungumzia uchumi wa soko. Alisema serikali haiwezi kufanya kila kitu na wananchi wajifunze kuchangia, akasema Mama Kastania, maana hata jina alilikosea, ni balozi wetu nchi za nje. Kasiana akakabidhiwa zawadi, sanduku kubwa jipya la magurudumu, tupu. Aliuliza kwa sauti iliyosikika mpaka safu ya tatu, "Nikifa huko ndiyo nirudi humu?" Mheshimiwa alicheka sana, akimpungia kamera mkono.

Kisha kikaja chakula, maana mgeni rasmi haondoki na njaa na hakuna atokaye kabla yake. Sahani ilipopita, Kasiana alinusa.

"Nguruwe wa nani huyu?"

Hilda alikimbia mpaka bandani, akarudi analia. Nguruwe wake wawili waliobaki, jike na dume, walikuwa wamechinjwa alfajiri kwa jina la kamati. Mtu aliyekuwa akienda kupasuliwa kifua, ambaye akirudi angeanza upya na wanyama hao wawili, aliwaona wakiliwa na wanaomuaga. Niseme nini tena kuhusu upendo wa wananchi?

Tuliondoka jua limekwisha lala upande, na mvua ikianza. Polikarp alitusindikiza kwa pikapu yake hadi mwisho wa lami akipiga honi. Mwisho wa lami akageuza; suti na tope havipatani.

Sitaisimulia barabara ile kwa urefu. Aliyepita Umatengo wakati wa masika anaijua, na ambaye hajapita hataniamini. Usiku ulitukamata kabla ya Mbinga. Asubuhi tulikuta malori mawili yamelala katikati ya njia kwenye mpando. Watu wa pale walituambia kwamba jana mchana kulikuwa kukavu na magari yalipita vizuri tu. Otto aliposikia hivyo alizima injini, akaweka kicha cha maua ya karatasi yaliyolowa kwenye usukani, akakitazama, kisha akakitupa nje kwa nguvu kiasi kwamba bega lilimwuma siku nzima. Tulisukuma, tukachimba, tukakata matawi. Wamatengo waliokuwa wakienda shambani waliweka majembe yao chini wakatusaidia, bila kamati. Kasiana alikaa ndani akihesabu rozari kwa vidole, midomo ikicheza, pumzi yote akiitunza kwa ajili ya kuishi.

Tulipofika ule mteremko wa mwisho ambapo ziwa hufunguka lote mbele yako, tuliiona meli. Ilikuwa imekwisha igeuzia pwani mgongo.

"Ile ndiyo?" Kasiana aliuliza.

"Ndiyo, mama," Otto alisema.

"Inakwenda vizuri," Kasiana alisema.

Tulishuka hivyo hivyo, maana Otto alikuwa na kazi nyingine gatini: kupokea wagonjwa wa macho waliokuja na meli ile ile. Tuliwakuta wawili, bibi vizee kutoka Malawi, wameketi juu ya vifurushi vyao, kila mmoja na barua ya hospitali amefungia kwenye pindo la nguo. Macho yao yalikuwa meupe kama maziwa. Hawakuwa na msindikizaji. Waliposikia gari waligeuza nyuso zao, na mmoja akasema jambo kwa Kinyasa. Mama mmoja muuza samaki alitutafsiria.

"Anauliza, nyinyi ndio hospitali?"

"Mwambie ndiyo," Kasiana alijibu. "Sisi ndio hospitali. Tumechelewa kidogo, tulikuwa na sherehe." Kisha akasema, "Waulize, nani aliwaaga huko kwao?"

Yule bibi alijibu akitabasamu kuelekea upande ambao hatukuwapo. Muuza samaki akasema, "Mjukuu wake alimshika mkono mpaka kwenye ubao wa kupandia. Akamwambia, nenda bibi, urudi unione."

"Basi?"

"Basi."

Kasiana alicheka. Kicheko kile kilimmalizia hewa, tukamkalisha chini mpaka iliporudi. Tulizunguka kwa wavuvi tukitafuta boti ya kutuvusha, lakini ziwa lilikuwa limechafuka na mwenye akili hakukubali, siwalaumu. Asubuhi Otto aliwapanga wale bibi nyuma ya gari pamoja na dada yangu, tukarudi tulikotoka.

Daktari alipotuona aliingia kwenye chumba cha redio, akakaa humo muda mrefu. Ng'ambo walikuwa wamemwekea Kasiana kitanda, na bingwa aliahirisha kuondoka kwa siku moja akiwa na matumaini. Siku moja haikutosha.

Wale bibi wawili walipasuliwa, wakaona. Kabla ya kurudi kwao waliomba waongozwe mpaka wodini kwa "yule mama wa gari". Walimshika uso, wakaligusa rovu taratibu, na mmoja wao alilia. Niliona kwa macho yangu mapatano ya hospitali mbili yakifanya kazi sawasawa kabisa, upande mmoja.

Kasiana alifariki Kwaresima hiyo, wiki moja kabla ya Jumapili ya Matawi, ameketi, Hilda akimshika mgongoni. Alikuwa amepokea sakramenti. Dakika zile za mwisho sitazielezea. Bwana alizijua vya kutosha.

Kamati haikuwa imevunjwa. Polikarp alifika msibani na kipaza sauti kile kile, akapanga ratiba, akatangaza kwamba mheshimiwa amebanwa na shughuli lakini anatuma mwakilishi. Makaburini tulisimama juani. Jeneza lilikuwa limekwisha teremshwa, sala zimekwisha, Padre Athanasi ameshika kitabu chake, na Polikarp ameinua mkono.

"Tusubiri kidogo, baba padre. Mwakilishi yuko njiani."

Hilda alikuwa amepiga magoti kwenye ukingo wa kaburi. Hakugeuka. Alichota udongo kwa mikono miwili, akaumimina juu ya mama yake.

"We Hilda! Bado!" Polikarp alisema.

"Mama amesubiri vya kutosha, mjomba."

Akachota tena. Padre akafunga kitabu, akainama, akarusha wake. Nikarusha wangu. Wazee wa ukoo wakafuata, kisha wateja wake wa malori wakazinyang'anya koleo kutoka kwa vijana wa kamati. Udongo ulishuka kwa kasi, ule wa Songea, mwekundu, mzito kwa mvua. Polikarp alizunguka kaburi akisema, "Jamani, ratiba! Jamani!" na hakuna aliyempa nafasi ya kusimama.

Gari la mwakilishi lilipofika tulikuwa tunanawa mikono. Aliisoma salamu yake mbele ya tuta, Polikarp akiwa kando yake, kofia mkononi, kijana wa kamera mbele yao. Sisi tulikwisha anza kutembea kurudi nyumbani, Hilda mbele, tukisali rozari, matendo ya uchungu. Udiwani Polikarp aliupata mwaka ule ule. Kanisa linaniagiza nimwombee, nami huanza kila jioni. Bado sijafika mwisho wa sala hiyo.